Siku Walipochoma Vitunguu vya Baba Sokoni Chaka

Mimi ni mtu wa hasira na sitaki kuificha. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiwa nimekunja ngumi. Kwa hivyo ukinisikia nikisimulia mambo ya siku ile kwenye soko la Chaka kwa sauti ya upole, jua nakudanganya.

Kazi yangu ni utafiti wa biashara kati ya nchi. Nikisema hivyo watu hudhani nakaa kwenye kiti kinachozunguka. Wapi! Nazunguka mimi: Karatina, Kerugoya, Nanyuki, hadi Namanga, mpakani na Tanzania, nikiuliza wenye malori na wenye meza wananunua kwa nani, kwa nini, na mpaka ukifungwa ni nani anayekula faida. Kati ya nchi za jumuiya yetu kitunguu hakitozwi ushuru. Kwa hivyo anayetaka kukizuia hataji ushuru hata kidogo. Anasema kibali hakijafika, cheti cha afya kina kasoro, mkaguzi ametoka kidogo, na lori linakaa juani mpaka mzigo unaanza kunuka. Sisi watafiti tuna njia ya kupima vizuizi hivyo vyote, foleni, kibali, ukaguzi na hata chai ya mkubwa. Hatujapata njia ya kupima rungu.

Swali lililonitoa jasho lilikuwa hili: kwa nini wanunuzi wa Mlima Kenya wafuate kitunguu Tanzania ilhali Kieni, kwetu nilikozaliwa, tumejaa vitunguu hadi kwenye vibaraza? Wakulima wa kwetu wana jibu moja na hulisema wakipiga meza. Wale wanauza rahisi, funga mpaka! Lakini nilipowauliza wanunuzi wenyewe niliambiwa mengine. Mama mmoja wa Karatina alichukua kitunguu cha Kieni akakibonyeza shingo kwa kidole gumba, maji yakamchirizika mkononi.

"Ona," akaniambia. "Hii inalia kabla hata sijaikata. Nikiweka store, wiki haiishi imeoza. Ile ya Tanzania iko na shingo ngumu, inakaa mpaka niichoke mimi."

Hata ikiwa ghali zaidi aliinunua, na wenzake vilevile. Na mpaka ulipofungwa, bei ilipanda kwenye meza za Karatina, lakini kule shambani broka alikuja na bei yake ya jana na mdomo wake wa jana. Mkulima alimng'olea kitunguu kibichi, majani yakiwa bado ya kijani, kwa sababu karo haingoji. Nilitaka kumtafuna mtu. Watu wangu walikuwa wanapigania lango ambalo likifungwa haliwasaidii.

Nikaenda nyumbani nikamwambia baba.

Baba huniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto wa jina hilo huheshimiwa hata akiwa anavuta kamasi. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya debe, kofia magotini.

"Kwa hivyo, Maitu, hao watu wa soko wanasema kitunguu yangu ni maji?"

"Si yako peke yako, baba. Ya sisi wote. Inang'olewa mapema na haikaushwi."

Baba ni mtu anayeweza kuvumilia njaa, jua na mwanasiasa, lakini asiambiwe kazi yake ni mbaya. Kesho yake aliacha kumwagilia shamba la vitunguu. Majirani walipoanza kung'oa, yeye aliacha shingo zianguke zenyewe. Broka alikuja na neti zake za kufungia vitunguu akafukuzwa na mbwa. Kisha baba alijenga banda nyuma ya nyumba, mabati juu, vitanda vya mabanzi ndani, akatandaza vitunguu humo upepo uvipige bila jua kuvichoma. Kila asubuhi alivigeuza kwa mkono. Niliporudi tena nikabonyeza shingo ya kimoja, kidole kiliniuma. Maganda yalikuwa makavu, mekundu, yanapasuka yakiguswa. Nilicheka kwa furaha mpaka baba akaniuliza kama nina wazimu.

"Nataka kitu moja tu," akasema. "Niweke hii kitunguu Chaka, kando ya ile ya Tanzania, mtu achague. Akichagua yangu, nitakufa nikiwa nimeshiba."

Basi ndilo hilo baba alilolitaka. Watu wachague kitunguu chake, na wajue ni chake.

Sasa kuna jirani yetu. Tunapakana naye kwa ua wa kayaba. Ni mzee wa kanisa na ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji, yule anayefungua na kufunga bomba la kila shamba. Alipokufa mama, yeye ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Aliona baba akijenga banda, akauliza juu ya ua, "Sasa unajengea nani hii nyumba, wewe mjane?" Baba akamjibu kwa utani, "Bibi mpya. Utamwona Chaka." Wakacheka. Laiti angemwambia tu ukweli. Lakini wazee wa kwetu hawatangazi kazi ambayo haijakamilika. Wakikosea nani awacheke?

Msimu huo vitunguu vya Kieni viliingia sokoni vyote kwa mpigo na bei ikaanguka chini kabisa. Watu walimwaga mizigo kandokando ya barabara ng'ombe wakala. Habari zikaenea kwamba kuna malori ya Tanzania yanaingizwa Chaka alfajiri na kuchanganywa na vitunguu vya hapa. Vijana wakasema watayasimamisha. Wazee hawakusema wasifanye hivyo. Na mimi, kwa ajili ya kazi, nilikuwa nimeonekana Karatina nikinywa chai na wafanyabiashara wa Tanzania. Kumbe kila kikombe kilikuwa na shahidi.

Tulifika Chaka asubuhi ya siku ya soko na pikapu tuliyoikodi Kiganjo. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kabla hatujafika langoni mwa soko tulikuta magogo barabarani, na nyuma ya magogo watu, wengi, na ile sauti ya watu wengi wenye njaa na hasira. Wengi niliwajua. Wengine nilisoma nao.

Kijana mwenye koti la mvua la njano alirukia nyuma ya pikapu akachana neti kwa panga. Vitunguu vikamwagika. Akaokota kimoja, akakibonyeza shingo, akabonyeza tena kwa gumba zote mbili.

"Hii si ya huku!" akapiga kelele. "Hii ni ya Tanzania! Aki hata sikia ganda!"

Akakisugua karibu na masikio ya watu, na kweli kilikuwa kinachakarika. Kwetu Kieni mtoto wa darasa la kwanza anajua kipimo hicho: cha kwetu kinabonyea, cha kigeni hakibonyei. Hakuna aliyewahi kuona cha kwetu kisichobonyea, kwa sababu hakuna aliyewahi kungoja.

Baba alishuka. Mimi nikashuka upande wangu. Dereva alishuka pia, lakini yeye alielekea Kiganjo kwa miguu na hakugeuka.

"Hizi ni zangu," baba akasema. "Mimi ndio nimepanda, nimelima, nimekausha. Wengi yenu mnajua shamba yangu."

"Mzee, usituchezee! Umekausha na nini, pasi?"

Watu wakacheka. Kicheko cha kundi kinanitia hofu kuliko matusi, maana ukishachekwa umeshakuwa si mtu. Nikapanda juu ya gurudumu nikaanza kupaza sauti, kwamba ni mimi niliyemwambia akaushe, kwamba kitunguu chochote kikikaushwa kinakuwa hivi, waje nyumbani waone banda.

"Banda!" mama mmoja akadakia. "Si mmesikia? Kumbe iko store! Ndio maana alijenga store!"

"Na huyu msichana yake ndiye anaenda Namanga kuzileta! Mimi nilimwona Karatina!"

Hapo nikamwona jirani yetu. Alikuwa amesimama pembeni, bakora mkononi, na baba akamwona pia. Uso wa baba ukafunguka kabisa. Sitausahau, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliuona ukiwa mzima.

"Haya, muulizeni huyu," baba akasema. "Huyu ni ndugu yangu. Ndugu yangu, waambie. Wewe uliona nikijenga, unajua sijaenda mahali."

Watu wakampisha. Jirani akaja polepole, akachukua kitunguu kwa yule kijana. Akakibonyeza. Akamenya ganda moja akalitazama kwenye mwanga. Mimi moyoni nilikuwa napiga kelele, sema, mzee, sema neno moja tu, sema ulimwona akijenga lile banda na hujaona lori likiingia kwake.

"Mimi nimelima hii kitu tangu nitoke shule," akasema. "Na sijawahi kuona kitunguu ya Kieni iko hivi."

Hakudanganya. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Alisema kweli tupu, na ile kweli ikampiga baba kabla ya rungu.

Wa kwanza kumpiga alikuwa kijana wa koti la njano, rungu begani. Baba akayumba. Wa pili sikumwona. Wa tatu alikuwa mama muuza viazi, naye alimpiga usoni kwa jiwe la mizani, lile zito la chuma tunalopimiwa nalo kila wiki, na jicho la kushoto la baba likafumba pale pale. Alipoanguka waliingia kwa mateke. Mtu mmoja alimkanyaga mkono wa kulia na kiatu cha shamba, akauzungusha, namna unavyozima sigara. Nilisikia vidole. Ndiyo, vidole vina sauti.

Mimi nilipigana. Sitasema nililia au nilisali. Nilimrukia yule wa koti la njano nikamshika sikio kwa meno na sikuachia mpaka nilipoonja damu na mtu akanipiga kisogoni. Nikatupa mawe. Nikamshika mwanamke nywele nikamwangusha, na mwanamke huyo tulikuwa tukikaa dawati moja. Walinichania nguo, walinivunjia meno mawili ya mbele, walinipiga mgongoni kwa mpini wa jembe. Nilitaka kuua mtu siku ile. Nasema hivyo bila haya. Ningekuwa na panga ningeua.

Kisha wakamwaga petroli juu ya pikapu.

Vitunguu vya kwetu ukivitia moto vinafoka, vinatoa povu, vinauzima moto wenyewe kwa maji yao. Watu wa Kieni wote wanajua. Hivi vya baba vilishika moto kwa dakika, maganda yakapaa juu kama karatasi, na neti zikadondoka zikiwaka. Watu wakashangilia. "Mnaona? Mnaona vile zinawaka? Za kwetu haziwezi kuwaka hivi!" Kila kitu kizuri alichokifanya baba kilitumika kama ushahidi wa kumuua.

Polisi walipofika walifyatua risasi hewani na umati ukatawanyika. Nilimkuta baba kandokando ya mtaro, koti la kanisani limegeuka matope na damu. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Nilimwinamia nikamwita baba, baba, na yeye akageuza kichwa kutafuta kwa jicho moja.

"Kuna mtu alionja?" akauliza.

Ngai, Mungu wangu! Nikamwambia anyamaze.

Hospitali kule Nyeri walimtoa jicho. Vidole vitatu vilikatwa na viwili vilivyobaki havikunji vizuri. Mimi nilishonwa kisogo, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, ulimi wangu ukipapasa pengo la meno. Kutoka ofisini Nairobi walinipigia simu kunipa pole na kuniuliza kama bado nitaweza kuwasilisha ile mada kuhusu ubora wa bidhaa za ndani na ushindani wa bidhaa za nje. Nilikata simu kisha nikaipiga ukutani.

Nilimsihi baba awataje. Niliwajua wengi, naye aliwajua wote. Polisi walikuja na kalamu wakasimama kando ya kitanda.

"Sikuona mtu," akawaambia. "Kulikuwa na vumbi."

"Baba! Vumbi gani?"

"Maitu. Wewe utarudi Nairobi. Mimi nitarudi kwa hao."

Baada ya hapo walikuja wenyewe. Jirani yetu mbele, mama wawili wa kanisa nyuma, na ndizi, na uji kwenye flaski. Niliposikia bakora yake kwenye korido nilisimama, nikasema moyoni leo atanijua. Lakini nilijua kwamba anakuja kuomba msamaha, na nikajiambia, haya, acha aombe kwanza, nitampiga baadaye.

Akavua kofia. Akaomba sala ndefu. Kisha akamshika baba mkono ule mzima.

"Tumekaa kama kanisa na kama mradi wa maji," akasema. "Tumeona hii kitu isiende mbali. Mtu anaweza kujaribiwa, hata Petro alijaribiwa. Ndugu yangu, tumekusamehe."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, flaski ilikuwa tayari imetoka mkononi mwangu. Ilimpata kifuani, uji ukamwagikia koti lake, mama wa kanisa wakapiga mayowe, muuguzi akaja mbio.

"Mmemsamehe nini?" nikapiga kelele. "Mmemtoa jicho mnamsamehe! Nyinyi mna akili kweli? Zilikuwa zake! Alizikausha!"

Jirani alijipangusa uji polepole. Hakunikasirikia, na hilo lilinitia wazimu zaidi. Alinitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto anayemtetea baba mlevi.

"Msichana yangu," akasema, "mimi nilishika hiyo kitunguu na mkono yangu."

Baba aliporudi nyumbani bomba lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyelikata, hakuna aliyetukana. Mradi una sheria kwamba mwanachama anayewahujumu wenzake anafungiwa maji mpaka asimame mbele ya mkutano akiri kosa. Miche ya msimu mpya ilikuwa kitaluni na Kieni bila bomba hata mnyanya haukui. Ng'ombe alikuwa akilamba hori kavu. Nilimwambia baba auze shamba tuhame. Nilimwambia nitaleta wakili, nitaleta gazeti, nitachukua kitunguu kibichi nikikaushe mbele ya macho yao siku baada ya siku mpaka waaibike. Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Mama yako amelala hapa," akasema. "Unataka nimwachie nani?"

Mkutano ulifanyika kanisani, baada ya ibada ya Jumapili. Nilienda naye kwa sababu bado alikuwa anagonga vitu upande wa kushoto. Walikuwepo wote. Yule mama wa jiwe la mizani alikuwa na kitabu cha nyimbo. Yule kijana alikuwa amekaa nyuma na plasta sikioni. Mwenyekiti, jirani yetu, akamwita baba mbele kwa sauti ya upole sana.

Baba akasimama. Akavua kofia kwa ule mkono wa vidole viwili, ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Nikajiandaa. Nilimjua baba yangu. Huyu ni mtu aliyefukuza broka na mbwa kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Nikasema sasa watasikia.

"Ndugu zangu," baba akasema. "Nilizitoa Namanga."

Nilisimama. Nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka baba alikuwa ameshanifikia, akanikamata kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanibana mpaka mfupa ukaniuma. Hakunitazama. Aliendelea kuwatazama wao kwa jicho lake moja.

"Nilizitoa Namanga," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. "Hakuna kitunguu ya Kieni inaweza kuwa hivyo. Mnisamehe."

Kanisa likapiga makofi. Mama wengine walilia. Kijana wa koti la njano alikuja mbele akamkumbatia, na jirani yetu akatoka na bakora yake, akavuka ua wa kayaba, akatufungulia maji.